Shina la Pamba na Macho ya Bibi

Mhadhara kwa wakulima, wakoboaji na watumishi wa afya wa Kolandoto, Shinyanga

Mwezi wa Septemba, ardhi ya Shinyanga ikiwa imekauka mpaka inapasuka, mtu akisimama njia panda ya Kolandoto, pale barabara ya Lalago inapoiacha ile ya Mwanza, huona moshi ukipanda pande zote. Hapa mwembamba kama uzi, kule mnene wa kijivu. Na jioni upepo ukitulia, wote hulala chini ukaifunika mbuga kama shuka. Mgeni hudhani nyika inaungua. Mwenyeji anajua: pamba imeshauzwa, mashina yameng'olewa, shamba linasafishwa. Moshi huo hauvunji sheria yoyote. Umeagizwa na sheria yenyewe.

Bodi ya Pamba Tanzania humtaka mkulima ang'oe mashina na kuyachoma ifikapo tarehe 15 Septemba kila mwaka. Anayewindwa ni funza mwekundu, kiwavi mdogo anayeingia ndani ya kitumba cha pamba na kula mbegu. Msimu ukiisha hujifungia humo humo akalala kiangazi kizima, akingoja mvua na pamba mpya. Shina linaloachwa limesimama huchipua tena, nayo maotea hayo humwandalia chakula yeye na wadudu wenzake. Kwa hiyo amri hiyo ina sababu nzuri, na mkulima wa Usukuma aliyewahi kuona vitumba vyake vimeoza kabla ya kupasuka hahitaji kuhubiriwa.

Shida iko katika neno moja: kuchoma. Kuchoma wapi? Ndani ya nini? Kwa faida ya nani? Funza analala ndani ya vitumba na mbegu zilizobaki, na huko ndiko anakotakiwa kuuawa. Shina lenyewe ni kuni.

Tena ni kuni nzuri. Kilo moja ya shina kavu la pamba ina joto la megajuli 16 au 17, karibu sawa na kuni za miti ya kawaida. Hekta moja ya pamba huweza kuacha tani moja hadi mbili za mashina. Familia ya watu sita, ikihesabiwa kilo moja ya kuni kwa mtu kwa siku, hutumia kama tani mbili kwa mwaka. Basi moto wa alasiri moja shambani huondoka na chakula cha jiko cha miezi sita, pengine cha mwaka mzima. Na kesho yake asubuhi mama wa familia hiyo hiyo anabeba kamba na panga kwenda kutafuta kuni.

Hesabu hiyo ina upande wa pili, nao ni mchungu. Sehemu nyingi za Usukuma ambako miti ilikwisha zamani, mashina ya pamba huingia jikoni kweli, yakifuatana na mabua ya mtama na mahindi na samadi kavu ya ng'ombe. Yanaingia kwenye mafiga matatu. Shina la pamba ni jembamba. Linashika moto upesi na kuisha upesi. Anayepikia kuni za mkwaju au mgunga anaweza kusukuma kigogo ndani akatoka kuchambua mboga. Anayepikia mashina hana nafasi hiyo. Lazima akae hapo hapo, akilisha moto mkono hadi mkono, uso wake ukiwa juu ya moshi mpaka ugali uive.

Moshi ni kitu gani? Swali hili linaonekana la mtoto, lakini jibu lake ndilo linalounganisha mambo mawili ambayo maofisa huyaandikia mafaili tofauti, yaani matumizi bora ya nishati na uchafuzi wa hewa. Ukuni ukipata joto hutoa gesi kwanza. Gesi hiyo ikikutana na hewa ya kutosha ikiwa bado ya moto sana, inaungua na kutoa mwali. Isipopata hewa, au ikipoa kabla haijaungua, hupanda juu ikiwa moshi. Moshi ni kuni ambayo haijamaliza kuungua. Anayefukiza nyumba anapoteza kuni na pumzi kwa wakati mmoja. Mafiga matatu huipa sufuria asilimia 10 hadi 15 tu ya joto lililomo ndani ya kuni. Jiko banifu lililojengwa sawasawa, lenye kuta zinazotunza joto na mlango wa kuingiza hewa chini ya moto, huweza kuipa mara mbili yake na zaidi.

Kinachoua ndani ya moshi ni punje zake ndogo kabisa, zile zisizofika upana wa mikromita 2.5, nyembamba kuliko unywele zaidi ya mara ishirini. Pua haizizuii. Zinashuka hadi mwisho wa mapafu, na nyingine huvuka zikaingia kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha punje hizo kuwa mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa siku nzima. Kwenye jiko la ndani lisilo na bomba la moshi, punje hizo huhesabiwa kwa mamia ya mikrogramu. Shirika hilo hilo lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano. Nimonia ya mtoto, kikohozi kisichoisha cha mama asiyevuta sigara, shinikizo la damu, kiharusi: hospitali ya Kolandoto, iliyoanzishwa na wamisionari wa Africa Inland Mission mwaka 1913, imewapokea wagonjwa wa namna hii kwa zaidi ya karne.

Usukumani, hata hivyo, moshi uliua kwa njia nyingine ambayo haimo katika vitabu vya udaktari.

Mwanamke aliyekaa juu ya moshi wa samadi na mashina kwa miaka arobaini au hamsini huzeeka na macho mekundu yanayotiririka machozi. Katika miaka ya 1990 na iliyofuata, mamia ya wanawake wazee waliuawa Shinyanga, Mwanza na mikoa jirani kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yalitajwa mara nyingi kuwa ushahidi. Yako mambo mengine ndani ya maovu hayo, kama ugomvi wa mashamba na urithi wa wajane, waganga wa kupiga ramli, na vifo vya watoto vilivyotafutiwa mtu wa kulaumiwa. Lakini alama iliyosomwa usoni mwa bibi iliandikwa na jiko lake. Huko Magu, shirika la MAPERECE, likisaidiwa na HelpAge International, lililitambua hilo mapema: pamoja na kuwafundisha wanakijiji haki za wazee, lilihimiza pia majiko yanayopunguza moshi. Ni nadra jiko la udongo kuhesabiwa kuwa kifaa cha ulinzi wa uhai wa mtu namna hiyo.

Nani alizimaliza kuni za Shinyanga? Jibu la haraka ni ng'ombe, au jembe, au Msukuma mwenyewe. Historia inasema zaidi ya hapo. Wakati wa ukoloni serikali ya Waingereza iliweka Shinyanga makao ya utafiti wa mbung'o, mkuu wake akiwa C.F.M. Swynnerton, aliyefariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Mbung'o hukaa kwenye vichaka, na Swynnerton aliona moto ndiyo silaha ya bei nafuu. Akishirikiana na Mtemi Makwaia wa Usiha, aliwataka watu waache kuchoma nyasi mapema kila mtu kwa wakati wake, wazitunze mpaka mwisho wa kiangazi, kisha ziwashwe kwa pamoja ziunguze vichaka hadi mizizini. Miti ikafyekwa pia, eneo baada ya eneo. Ugonjwa wa malale unaoenezwa na mbung'o ukarudi nyuma, mifugo ikaongezeka, pamba ikafuata. Palipokuwa miombo na migunga pakabaki upepo. Kisha zikaja operesheni za vijiji katika miaka ya 1970, watu wakahamishwa, na hifadhi za malisho walizokuwa wakizitunza wenyewe zikakosa mwenyewe.

Hifadhi hizo Wasukuma huziita ngitili: kipande cha ardhi kinachofungwa wakati wa masika ili nyasi na miti vipumzike, ng'ombe waje kula kiangazi kikali kikifika. Mwaka 1986 serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Miche ya kigeni iliyoletwa mwanzoni haikuwavutia sana wakulima. Mambo yaligeuka wataalamu walipoacha kufundisha na kuanza kuuliza, wakakuta jibu lina jina la Kisukuma tayari. Dagashida, ule mkutano wa jadi, ukapewa nafasi ya kuamua adhabu ya anayelisha mifugo ndani ya ngitili, na sungusungu, walinzi wa kijiji, wakailinda. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 ngitili zilizorudishwa zilihesabiwa kuwa zaidi ya hekta 300,000, na utafiti uliofanyika wakati huo ulikuta safari ya kutafuta kuni imepungua kwa saa mbili hadi sita. Huo ni mradi wa nishati ingawa haukuitwa hivyo. Hakuna kinu kilichojengwa, hakuna nguzo iliyosimamishwa. Mama alirudi nyumbani mapema, akiwa na kuni nene zinazoungua taratibu, na samadi ikabaki zizini.

Samadi kubaki zizini si jambo dogo. Kikapu cha samadi kikiteketea jikoni, nitrojeni yake karibu yote huruka na moshi. Shamba linabaki na njaa, na mwenye shamba anakwenda dukani kununua urea, mbolea ambayo viwanda vyake huko duniani hutumia gesi asilia kwa wingi ili kuinasa nitrojeni ile ile kutoka hewani. Mkulima anaichoma bure kisha anainunua kwa fedha! Mtambo wa biogesi hukata mzunguko huo: gesi inakwenda jikoni, tope linalobaki linakwenda shambani na nitrojeni yake. CAMARTEC, kituo cha teknolojia za kilimo cha Arusha, imesimamia ujenzi wa maelfu ya mitambo ya namna hiyo nchini. Shinyanga mitambo hiyo imesambaa kidogo kuliko Kilimanjaro, na sababu iko wazi. Mtambo mdogo hutaka kilo 20 hadi 30 za samadi kila siku na maji ya kiasi hicho hicho, wakati ng'ombe wa Msukuma hushinda porini akidondosha samadi njiani, na maji ya kiangazi yako mbali. Anayetaka kuuleta huku aanze na kaya zenye ng'ombe wa maziwa wanaofungwa bandani na bomba la maji uani. Wengine wasidanganywe.

Upande wa mpunga, upotevu uko peupe. Majaruba yameenea mabondeni kote, na mchele wa Kahama unajulikana mpaka sokoni Dar es Salaam. Nyuma ya kila mashine ya kukoboa kuna kilima cha pumba kinachofuka taratibu siku na usiku, kwa sababu pumba za mpunga haziwaki kwa mwali zikirundikwa; zinaungulia ndani, na moshi mweupe unaouma koo unawaendea majirani. Maganda hayo ni kama sehemu moja ya tano ya uzito wa mpunga. Gunia la kilo 100 huacha kilo 20 za maganda. Kilo moja ya maganda makavu ina megajuli 13 hadi 15, lita moja ya dizeli ina 36. Maana yake ni kwamba maganda ya gunia moja yana joto la lita saba hivi za dizeli, zaidi ya inazotumia injini kulikoboa gunia hilo. Mwenye mashine ananunua dizeli mlango wa mbele na kuteketeza mara kadhaa yake mlango wa nyuma.

Kwa nini hawafanyi vinginevyo? Kwanza, ganda la mpunga ni sumbufu: ni jepesi, linajaza lori kabla ya kufikisha uzito, na majivu yake, ambayo karibu yote ni silika, hung'ang'ania ndani ya tanuri na kula vyuma. Pili, moshi hauna bei. Lakini wapo waliokwisha kuvuka kikwazo cha namna hiyo kwa mabaki yao wenyewe. Kiwanda cha sukari cha TPC, Moshi, huchoma makapi ya miwa kupata mvuke na umeme wake. Hale, mkoani Tanga, shamba la mkonge lilianza mwaka 2008 kuzalisha umeme kwa biogesi ya mabaki ya mkonge yaliyokuwa yakitupwa. Uganda, kiwanda cha saruji cha Hima, Kasese, hutia kapi za kahawa tanurini. Wakoboaji wadogo wa Shinyanga hawawezi kujenga tanuri la saruji, lakini wanaweza kushirikiana mashine tano sita kununua kinu kimoja cha kushindilia maganda kuwa mkaa mbadala. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ipo mkoani. Hiyo ndiyo kazi iliyoundiwa.

Injini yenyewe nayo itazamwe. Injini kuukuu ya dizeli hugeuza robo ya mafuta yake kuwa nguvu ya mkanda, pengine chini ya hapo. Robo tatu au zaidi ni joto na kelele. Moshi mweusi kwenye ekzosi ni dizeli isiyomaliza kuungua, hivyo fundi akisafisha nozeli na chujio la hewa, mwenye mashine anaokoa fedha siku hiyo hiyo na mhudumu wake anapumua. Mota ya umeme hugeuza asilimia 85 hadi 90 ya umeme wake kuwa kazi. Wakala wa Nishati Vijijini umefikisha nyaya vijijini, na bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 limeshaingia kwenye gridi. Wilayani Kishapu, jirani kabisa na Kolandoto, unajengwa mradi wa umeme wa jua wa megawati 150, ukianza na awamu ya 50. Mashine ya kukoboa hutaka umeme wa njia tatu, na pale kijiji kilipopewa njia moja, taa zinawaka lakini dizeli inaendelea kunguruma. Diwani anayejisifu kwa nguzo aulizwe ni za njia ngapi.

Tumbaku ya Ushetu na Kahama nayo inahitaji maneno machache. Jani huning'inizwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia, siku tano hadi saba, joto likipandishwa hatua kwa hatua mpaka nyuzi 70 hivi, na moto hauruhusiwi kuzimika usiku wala mchana. Bani lenye nyufa ukutani na mlango usiofunga linakula msitu. Mkulima hutakiwa kupanda miti yake. Mti hukua miaka mingi, bani linawashwa kila mwaka. Na kule Geita mkulima ana mshindani mwingine: maduara ya wachimbaji wadogo yanahitaji matimba ya kuzuia kuta zisiporomoke, na gogo linaloshuka shimoni halirudi.

India ina funzo linalofanana mno na la Septemba yetu. Mwaka 2009 jimbo la Punjab lilitunga sheria ya kuokoa maji ya ardhini, ikamzuia mkulima kupandikiza mpunga kabla ya tarehe iliyowekwa. Maji yakaokolewa kiasi. Lakini mavuno nayo yakasogea mbele, siku za kusafisha shamba kabla ya kupanda ngano zikawa chache, na njia ya haraka ikawa kiberiti. Kila Oktoba na Novemba moshi wa mabua hayo huungana na wa magari na viwanda, Delhi ikafunikwa mpaka shule hufungwa. Hakuna aliyepanga hivyo. Ofisi ya maji ilitazama maji, ya kilimo ikatazama ngano, hewa ikakosa ofisi.

Hapa kwetu, tarehe 8 Mei 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa miaka kumi unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilikwisha kuamriwa kuachana na kuni na mkaa. Ni hatua kubwa, na mitungi ya gesi imegawiwa. Ila mkulima wa pamba hupata fedha mara moja kwa mwaka, mtungi huisha kila mwezi au miwili. Ikifika Januari, akiba imekwenda kwenye ada na palizi, mtungi huwekwa kona na mafiga hurudi. Mkakati unaomsahau mtu huyu utahesabu mitungi, hautahesabu mapafu.

Kwa hiyo amri ya 15 Septemba ibaki, ila itekelezwe kwa akili zaidi. Vitumba vilivyobaki vikwanyuliwe na kuchomwa shambani kabla ya tarehe, funza afe. Mashina matupu yakatwekatwe, yafungwe, yaingie kwenye jiko banifu lenye bomba la moshi au kwenye shimo la kuchomea mkaa mbadala. Utaratibu huo uandikwe na Bodi ya Pamba pamoja na kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, ili bwana shamba asimtoze faini mkulima aliyefanya vizuri.

Na kwa wanaofanya kazi hospitali na kwenye chuo cha afya hapa Kolandoto kuna ombi moja lisilo na gharama. Akija mama mwenye kikohozi, mtoto mwenye nimonia au bibi mwenye macho mekundu, karatasini baada ya jina na umri kiongezwe kijistari kimoja: anapikia nini, na jiko liko ndani au nje.